Vichochoro vya Bondeni

Mjomba wangu alianza biashara ya ramani kwa gurudumu la baiskeli. Alilifunga kwenye fimbo, akalitia kidude cha kuhesabia kilicholia "tak" kila linapomaliza mzunguko, kisha akaanza kulisukuma mitaani mchana kweupe. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mtu mzima, shati limechomekwa vizuri, kalamu sikioni, anasukuma gurudumu moja kama mtoto aliyeibiwa baiskeli akaachiwa kipande. Wakamwita Baba Gurudumu, na jina likamganda, hata wazee wa familia wakaanza kulisahau lile alilopewa na babu.

Wakati huo jiji halikuwa na ramani ya maana. Iliyokuwepo ilichorwa na watu waliokwisha kuondoka zamani. Ilionyesha stesheni, hospitali, nyumba za wakubwa na uwanja wa gofu. Mahali walipoishi watu wengi palipakwa rangi ya kijivu, basi.

"Kijivu ni rangi ya uvivu," mjomba alipenda kusema.

Alipima yeye, akachora mama yangu, mdogo wake wa tumbo moja. Mama alifanya kazi kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake, juu ametandaza filamu za plastiki, ya barabara peke yake, ya mito peke yake, ya maandishi peke yake. Mkono wake ulikuwa umetulia ajabu. Mjomba alisema angeweza kuandika jina la mtaa kwenye mgongo wa siafu na siafu asishtuke. Mama alimjibu kwamba kazi yake ingekuwa nyepesi kama na yeye mjomba angeandika kitu kinachosomeka, maana mwandiko wake ulifanana na kuku aliyekanyaga wino.

Toleo la kwanza liliisha kabla wino haujakauka sawasawa. Madereva wa teksi walilitaka, wauza bima wakalitaka, wenye hoteli wakalitaka, hata wachumba walilinunua kutafuta nyumba ya kwenda kuposa. Baadaye shule zikaagiza ramani za ukutani, na vituo vya mafuta vikaweka zetu za kukunja pale kando ya oili. Kutoka chumba cha uani tukahamia jengo la ghorofa moja, chini mashine ya kuchapa na duka, juu meza za kuchorea. Mimi nililelewa chini ya meza ya kukunjia. Herufi nilizijua kwa majina ya mitaa kabla sijazijua za shule.

Katika miaka hiyo ya neema ndipo mjomba alipoingia Bondeni.

Bondeni kilikuwa kitongoji kilichobanana nyuma ya reli, mabati yakigusana na mabati, vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Kwenye ramani zote kilikuwa kijivu. Mara ya kwanza walimfukuza, wakidhani ametumwa na watu wa kodi. Mara ya pili alikutana na mwanamke aliyeuza maji kwenye bomba la pekee la pale. Wenyeji walimwita Mama Ndoo.

"Unapima nini, baba?" alimuuliza.

"Napima njia, mama."

"Ili iweje?"

"Ziwe kwenye ramani. Mgonjwa akizidiwa, gari lijue pa kupita. Mgeni akija, asipapase kama kipofu."

Mama Ndoo alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Basi usipime kama mwizi. Njoo nikuonyeshe."

Akafunga bomba, akamtembeza. Vichochoro havikuwa na majina yaliyoandikwa popote, ila kila mtu aliyajua. Kichochoro cha Fundi Saa, kwa ajili ya mzee mmoja mzito wa kusikia aliyetengeneza saa dirishani. Cha Mjane. Cha Mbuzi Mmoja. Kulikuwa na kimoja kilichopita nyuma ya vyoo na kutokea relini, ambacho wenyeji pekee walikijua. Mama Ndoo alisita alipofika hapo, halafu akasema, "Hiki tunakiita Pita Kando. Kiandike nacho, isije ikawa umetuchora nusu."

Ramani ilipotoka na Bondeni ndani yake, watu wa kule walikuja dukani wakiwa wamevaa nguo za sikukuu. Wengine hawakujua kusoma. Mama aliwashika kidole, akakiweka juu ya nyumba zao. Muda si mrefu wakaanza kuandika majina yale wenyewe kwa rangi kwenye mabati ya kona, kwa kunakili maandishi ya mama, hadi vimkia vya herufi zake. Sikuwahi kumwona mjomba akiwa na furaha vile, si kabla wala si baada.

Kisha ardhi ya Bondeni ikatakiwa. Ilikuwa karibu na reli, na palitakiwa yadi ya makontena. Matangazo yalibandikwa, kesi ikafunguliwa, kesi ikaahirishwa, watu wakalala wakijua bado wana muda. Matingatinga yaliingia asubuhi, watu wakinywa chai. Hayakuingia kwa barabara kuu peke yake. Yaliingia pande zote kwa mpigo, na askari walikuwa tayari wamesimama kila mlango wa kichochoro, pamoja na Pita Kando.

Mjomba alisikia akiwa dukani, akakimbia na mimi nikimfuata. Tulipofika kando ya reli, bwana mkubwa wa operesheni alikuwa ametandaza karatasi juu ya boneti ya gari, ameizungushia kalamu nyekundu. Niliyatambua maandishi ya mama kabla sijafika karibu. Yule bwana naye alimtambua mjomba. Alitabasamu, akampa mkono.

"Mzee wa ramani. Hii kazi yako imetusaidia sana. Bila hii tungezunguka humu wiki nzima."

Mjomba alimpa mkono. Mkono ulitoka wenyewe, kama mkono wa mtu aliyefundishwa adabu tangu utotoni. Nyuma ya yule bwana vumbi lilikuwa linapanda. Tulikuja kuambiwa baadaye kwamba Fundi Saa hakusikia kelele, akaangukiwa na ukuta, akafia dirishani pake.

Wiki chache baadaye Mama Ndoo alikuja dukani. Alikuwa amekonda na kanga yake ilikuwa na tope kavu pindoni. Mjomba alisimama. Alifungua mdomo, lakini Mama Ndoo alimtangulia.

"Nipe ile mliyowapa wale," alisema.

Mjomba alimpa ramani, akakataa kupokea hela, na Mama Ndoo akaziacha juu ya meza hivyo hivyo. Alipotoka, mjomba alipanda juu, akakaa kwenye kiti cha mama, akaiangalia ile filamu ya Bondeni taa ikimmulika usoni kutokea chini.

"Dada," alisema, "hukuandika vibaya hata herufi moja."

Mama hakujua kama anasifiwa au analaumiwa.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa toleo jipya. Jiji lilitaka ramani isiyo na Bondeni, na ukweli ni kwamba Bondeni haikuwepo. Mama alichukua wembe, akaikwangua kwenye filamu, kichochoro baada ya kichochoro, akipuliza vumbi la wino. Jioni alinawa mikono mara nyingi kuliko kawaida.

Karatasi za kwanza zilipotoka kwenye mashine, zilikuwa na mistari. Ilikuwa hafifu kama mishipa ya mkono wa mtoto, lakini ukiinua karatasi kwenye mwanga uliiona. Kichochoro cha Mjane. Cha Mbuzi Mmoja. Pita Kando, hadi relini.

"Makovu ya wembe," mama alisema. "Filamu imekwaruzika, kamera ya kupigia mabamba ya kuchapia inayaona."

Akatupa ile filamu, akachora mpya isiyowahi kuguswa na wembe. Fundi wa mashine akasafisha mabamba, akabadilisha mpira, akabadilisha hata wino. Huyu fundi lilikuwa jitu la miraba minne lisiloogopa kitu duniani isipokuwa mama mkwe wake. Alichapa karatasi moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaiteremsha taratibu. Kisha akavua aproni.

"Ni nini?" mjomba aliuliza.

"Bosi, mimi mashine yoyote naitengeneza. Ila mimi na karatasi inayokumbuka, hapana."

Hakurudi hata kuchukua ndara zake. Tuliajiri mwingine, na mjomba akaamuru mahali pale pafunikwe rangi ya kijani, kama bustani. Kijani ilificha kiasi. Lakini habari zina miguu. Watu waliokuwa wa Bondeni, ambao sasa walitawanyika pembezoni mwa jiji, walianza kuja mmoja mmoja. Hawakuikunjua ramani yote. Walikwenda mlangoni, wakaikabili jua, wakaisogeza pole pole mpaka wakapaona. Wengine walisimama hapo hata wateja wengine wakashindwa kupita, na hakuna aliyewaambia wapishe. Mwanamume mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Alimwambia, "Hapo ndipo ulipozaliwa," na mtoto akaangalia jua badala ya karatasi, akapiga chafya.

Mimi niliona mistari ile kila mara. Mama alisema anaiona. Mjomba pekee ndiye aliyesema haoni kitu, na alikuwa akisema hivyo bila kuinua karatasi.

Gurudumu alilitundika msumarini, ukutani karibu na ngazi. Hakulisukuma tena. Alituma vijana wa kazi wakapime, yeye akabaki ofisini. Mchana mmoja duka likiwa kimya, nikiwa napanga makabati, nilisikia "tak" kule ngazini. Nikatega sikio. Ikaja nyingine, na nyingine, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Nilipochungulia, gurudumu lilikuwa limetulia msumarini. Mjomba alikuwa amesimama chini yake, ameegemea ukuta, ameziba masikio kwa viganja. Nilirudi kwenye makabati yangu. Kuna mambo ambayo mpwa hamuulizi mjomba wake.

Biashara iliendelea kupanda kwa miaka mingi, kwa hiyo asije mtu akasema ilianguka kwa laana. Ilianguka kwa simu. Kwanza lilipita gari lenye kamera juu ya paa, likaimaliza kwa siku chache kazi ambayo mjomba aliifanya kwa nusu ya ujana wake. Halafu dereva wa teksi mmoja akaja kutuonyesha kidude chake kinachosema "pinda kushoto" kwa sauti ya mwanamke, na akatania kwamba hata mkewe hamsikilizi hivyo. Tulicheka naye. Baada ya hapo vituo vya mafuta vikaanza kurudisha maboksi. Maduka ya vitabu yakafuata. Shule zikasema zitatujulisha, nasi tukajua maana yake. Mashine iliuzwa kwa mtu wa kadi za harusi. Walipoitoa, ilibidi wabomoe fremu ya mlango, na sakafuni ikabaki alama nyeusi ya mafuta yenye umbo lake. Meza za juu zikawa za kulalia paka.

Wateja waliobaki hadi mwisho walikuwa wale wa mlangoni, wenye kukabili jua. Simu zao hazikuwa na Bondeni. Nilijaribu mwenyewe. Pale palikuwa na kipande cha kijivu na jina la kampuni.

Mjomba naye alianza kufifia. Mwanzoni alisahau miwani, kila mzee husahau miwani. Halafu akasahau kwamba mashine imeuzwa, akawa anateremka kugombana na fundi asiyekuwepo. Mitaa aliyoipima kwa mguu wake ikaanza kumpotea, ya karibu kwanza. Alikuwa akimwita mama "binti", kwa heshima, kama mtu anayeongea na muuguzi.

Asubuhi moja hatukumkuta chumbani. Viatu vyake vya kazi havikuwepo. Mwenye pikipiki ya abiria pale kona alituambia amempeleka nyuma ya reli.

"Nilimuuliza anakwenda kwa nani huko kwenye makontena," alisema. "Akaniambia anakwenda kuhani msiba."

Mlinzi wa getini alisema hajaona mzee yeyote. Aliongea nasi kwa adabu, ila hakufungua. Mimi nilitoa simu nikamwonyesha picha ya mjomba. Mama alichukua njia nyingine. Alitoa kwenye mkoba wake ramani ya zamani, ile ya kabla, iliyochakaa hadi mikunjo imetoboka, akaielekeza kwenye reli.

"Hapa nyuma pana upenyo?" aliuliza. "Karibu na mtaro?"

Mlinzi alimtazama, kisha akaitazama ramani. "Unapajuaje?"

"Palikuwa pakiitwa Pita Kando."

Alifungua geti, akaja nasi mwenyewe. Ndani kulikuwa na kontena juu ya kontena, marefu kama ghorofa, yenye kutu na namba, na kati yake njia zilizonyooka. Njia hizo hazikuwa zile za kwenye ramani. Lakini mama alikwenda kwa kutazama reli na mwelekeo wa jua, akihesabu kwa midomo, na tulipofika mahali fulani akasimama.

"Bomba lilikuwa hapa," alisema kwa sauti ndogo.

Tukamsikia. Sauti ilitoka njia ya pili.

"Hodi."

Kimya. Kisha kofi la kiganja kwenye chuma.

"Hodi, wenyewe. Hodi hapa kwa Fundi Saa."

Mjomba alikuwa mbele ya kontena la buluu, kofia mkononi, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ndani. Alingoja kwa muda ambao mgeni mwenye adabu hungoja, kisha akasogea kontena linalofuata.

"Hodi hapa kwa Mjane."

Nilitaka kwenda kumshika. Mlinzi alinizuia kwa kunigusa kiwiko. "Ngoja kwanza, dada," alinong'ona. "Huyu siyo wa kwanza. Wengine huja wakabisha hivyo hivyo, halafu wakaondoka. Sisi huwa tunajifanya hatuoni."

"Na wanaitikiwa?" nilimuuliza. Swali lilinitoka tu.

Mlinzi alitazama pembeni. "Mimi nafanya zamu ya mchana," alisema.

Mjomba alifika kontena la kijani lililokuwa karibu zaidi nasi, pale mama aliposema palikuwa na bomba. Alisimama muda mrefu. Alipiga hodi ya kwanza, akapiga ya pili. Kwetu sisi hodi hupigwa mara tatu, na ya tatu isipojibiwa mtu hugeuka akaenda zake. Mkono wake uliinuka kwa ya tatu.

"Hodi hapa kwa Mama Ndoo."

"Karibu," mama akaitika.

Alikuwa nyuma ya kona ya kontena, mjomba hakumwona. Alijiziba mdomo mara hiyo hiyo, kama mtu aliyechukua kisicho chake.

Mjomba alinyooka. "Sipiti ndani, mama," alisema. "Nina viatu vichafu. Nimekuja kusema jambo moja. Sikujua kwamba watakuja nayo. Uliniambia nisikuchoreni nusu, nikachora yote. Wakaja nayo mkononi. Nami nikampa yule mtu mkono."

Machozi yalikuwa yakimtiririka mama. Nilidhani atasema amemsamehe, maana lilikuwa neno jepesi na lingemtuliza mzee. Mama alifikiri kwanza.

"Nimekusikia," alisema.

Mjomba aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia. Alipotukuta kwenye kona hakushangaa. Alimwambia mama, "Binti, twende, hawa watu wana kazi zao." Tukatoka kwa kupitia upenyo wa nyuma, na mlinzi akatuonyesha pa kukanyaga.

Wiki ile ile mama alianza kumtafuta Mama Ndoo. Aliulizia kwa wateja wa mlangoni, na mmoja akatupeleka hadi mwisho wa jiji, ambako bibi huyo aliishi kwa binti yake. Mama Ndoo alikuwa kikongwe, amekaa kitandani, macho yamefunikwa na utando lakini masikio yako sawa. Mama alimweleza yote, pamoja na lile la kuitika kwa niaba yake. Alieleza akiwa amekaa sakafuni.

"Uliitika kwa jina langu," Mama Ndoo alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na ukasema nini tena?"

"Nikasema nimekusikia. Zaidi ya hapo sikuthubutu."

Binti yake alitaka kusema kitu, bibi akamnyamazisha kwa kidole. "Hapo ulifanya vizuri," alisema mwishowe. "Msamaha wa Bondeni nzima mimi sina. Nina wangu tu, na wenyewe bado naufikiria. Ila nitakuambia ninachotaka. Ile ramani yenu ilionyesha njia. Njia ndizo walizopitia wale. Nataka ya watu. Nani alikaa wapi, mlango wake ulitazama wapi. Hiyo tingatinga haitaisoma."

Mama alikuwa amestaafu na macho yalishaanza kumsumbua. Hata hivyo alifukuza paka, akapangusa meza ya kioo, akabadilisha taa. Watu wa Bondeni waliletwa na watoto wao, wengine na wajukuu, wakapanda zile ngazi kwa shida. Mjomba alikaa kwenye kona, akiwapokea kila mmoja kwa "karibu sana" bila kumtambua yeyote, nao walimwamkia. Wengine walimwamkia kwa ubaridi. Mmoja hakumwamkia. Mjomba alifariki kabla ya mvua kubwa, usingizini, na baadhi yao walikuja mazikoni, pamoja na yule ambaye hakumwamkia.

Ramani ilimchukua mama muda mrefu kwa sababu wenyewe hawakukubaliana. Wawili waligombania ukuta wa choo hadi karibu washikane mashati, wazee wa meno matatu kila mmoja. Mwingine aliapa kwamba nyumba yake ilikuwa na mlango wa nyuma, na dada yake akaapa kwamba haukuwepo. Ilikuwepo nyumba moja ambayo kila mtu aliikumbuka taa yake ikiwaka dirishani, lakini hakuna aliyekumbuka ni ya nani.

"Niandike nini hapa?" mama aliuliza.

Mama Ndoo, aliyekuwa ameletwa kwa kubebwa, aliwaambia watulie. Walitulia, wakangoja, kila mmoja akitazama mwenzake. Hakuna jina lililokuja.

"Chora nyumba," bibi alisema. "Acha mlango wazi."

Mama akachora hivyo.